Sibt al-Maridini: Mpima Nyakati wa Azhar na Namba Kumi na Saba



Katika darasa la mirathi yako majina mawili ambayo mwanafunzi huyasikia tangu siku ya kwanza. La kwanza ni la Imam Rahabi, aliyetunga shairi la Rahabiyya. La pili ni la mwanachuoni aliyelisherehesha shairi hilo, yaani Sibt al-Maridini. Wengi wetu tunalisoma jina lake juu ya jalada, tunafungua kitabu, tunazama katika nusu na robo na thumuni, na jina tunalisahau. Tukiulizwa mwenye jina hili alikuwa nani, aliishi wapi na alifanya kazi gani, tunanyamaza. Ndiyo maana mwaka huu nimeona niandike habari zake. Na katika habari hizo limo jambo ambalo hamtalikuta katika kitabu chake cha mirathi. Linawahusu hasa wale kati yenu wanaosema kwamba hesabu ni ya skuli, na madrasa haina haja nayo.

Jina lake ni Badruddin Muhammad bin Muhammad bin Ahmad, na asili ya ukoo wake ni Damascus katika nchi ya Sham. Sibt si jina lake la kuzaliwa. Sibt kwa Kiarabu ni mjukuu, na hapa ni mjukuu wa upande wa binti. Babu yake mzaa mama alikuwa Jamaluddin Abdallah bin Khalil al-Maridini, ambaye nisba yake ni ya mji wa Mardin, ulioko Uturuki ya leo. Babu huyo alikuwa bingwa wa elimu ya falak na kazi yake ilikuwa kupima nyakati za Swala. Alifariki mwaka 809 Hijria (1406 Miladia). Mjukuu alizaliwa mwaka 826 (1423). Kwa hiyo hawakuonana. Miaka kumi na saba ilipita kati ya kufa kwa mmoja na kuzaliwa kwa mwingine. (Namba hiyo itarudi huko mbele, ingawa hapa imekuja kwa sadfa tu.) Hata hivyo watu walimwita kwa jina la babu, naye akafanya kazi ya babu na kuandika juu ya vyombo vilevile alivyoviandikia babu, hata wanaoorodhesha vitabu vya kale mara nyingi wamechanganya vya huyu na vya yule.

Alikulia Kairo, mji mkuu wa masultani wa Kimamluki. Msidhani kwamba ulikuwa mji wa kawaida. Katika karne hiyo moja, ndani ya mji huo mmoja, walikuwapo Imam Jalaluddin Suyuti, ambaye mnamjua kwa Tafsiri ya Jalalain. Sheikhul Islam Zakariya al-Ansari, tegemeo la madhehebu yetu ya Shafii. Na Hafidh Sakhawi, mwanachuoni wa Hadithi, ambaye aliandika kitabu kikubwa cha watu mashuhuri wa karne yake ya tisa na humo akamtaja Badruddin wetu akiwa angali hai. Mtu akitajwa katika mji wenye wanachuoni kama hao, basi ana kitu.

Ulikuwa pia mji wa misiba. Tauni iliupiga mara kwa mara, na ile ya mwaka 833 (1430) ilikuwa kali mno. Badruddin alikuwa mtoto wa miaka saba. Mkifika mlango wa munasakhat katika Rahabiyya, ule unaohusu mrithi anayekufa kabla mali haijagawanywa, kisha mrithi wake naye akafa, msiuone kuwa ni chemsha bongo iliyobuniwa na wanachuoni kuwachosha wanafunzi. Katika mji wa tauni, baba akizikwa Jumatatu na mwana Alhamisi, mlango huo ni shughuli ya kadhi ya kila wiki.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Shihabuddin Ahmad bin Rajab, maarufu kwa jina la Ibnul Majdi, ambaye aliyaweza mambo matatu kwa pamoja: mirathi, hesabu na falak. Leo tunaona ajabu mtu mmoja kuyakusanya hayo. Kwao halikuwa jambo la ajabu, kwani yote matatu ni elimu ya kugawanya: kugawanya mali, kugawanya namba, na kugawanya mchana na usiku. Ibnul Majdi alifariki mwaka 850 (1447), na mwanafunzi wake wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne hivi. Nafasi ya mwalimu ikabaki wazi, na vitabu vya Badruddin vinaonyesha nani aliijaza.

Akawa muwaqqit wa Jamii al-Azhar. Muwaqqit ni mpima nyakati. Kazi hiyo ya kuajiriwa msikitini ilianza kuonekana Misri katika karne ya saba Hijria. Kabla yake mwadhini alijitegemea kwa macho yake na uzoefu wake. Muwaqqit alikuwa mtu wa hesabu. Alipaswa kujua Alasiri inaingia lini leo na lini kesho, alfajiri ya kweli inachomoza nyuzi ngapi za jua chini ya upeo, na kibla kiko upande gani hasa. Adhana ya maelfu ya watu ilisimama juu ya karatasi yake. Akikosea, wamekosea wote nyuma yake, na saumu zao pia.

Chombo chake kikuu kiliitwa rubul mujayyab. Ni robo ya duara, ya mbao au ya shaba, na ukingo wake umegawanywa nyuzi tisini. Ndani yake mna mistari iliyopishana kama wavu, sehemu sitini upande huu na sitini upande ule, na kutoka pembeni unaning'inia uzi wenye shanga na kitu kizito mwishoni. Ukilielekeza jua na uzi ukatulia, unasoma urefu wa jua. Ukiisogeza shanga, chombo hichohicho kinakufanyia hesabu ambayo kwa kalamu ingekuchukua muda. Badruddin aliandika juu ya chombo hiki risala fupi iitwayo ar-Risalatul Fat-hiyya, na watu wakaisomesha na kuinakili vizazi hata vizazi. Aliandika pia vitabu vya hesabu, kimojawapo ni Tuhfatul Ahbaab, na vya mirathi, na mkononi mwetu kilichobaki kusomwa zaidi ni ile sharhi ya Rahabiyya.

Sasa nataka tusimame kwenye kitabu chake kimoja ambacho wachache wanakijua. Kinaitwa Raqaaiqul Haqaaiq fii Hisaabid Daraj wad Daqaaiq, yaani kinahusu hesabu za daraja na dakika. Ni kitabu cha namba sitini.

Sisi tunahesabu kwa makumi. Tukifika kumi tunahamia nafasi ya pili, tukifika mia nafasi ya tatu. Watu wa falak hawakufanya hivyo. Wao waliirithi kutoka kwa Wababeli, kupitia kwa Wayunani, hesabu inayohamia nafasi inapofika sitini. Daraja moja ni dakika sitini, dakika moja ni thania sitini, thania moja ni thalitha sitini, na kuendelea chini kadiri mtu anavyotaka. Msiseme ni mambo ya kale: saa iliyo ukutani darasani kwenu inahesabu hivyo hadi leo. Na kwa kuandika walitumia herufi za abjadi. Anayejua kwamba mim ni 40 na ha ni 5 ataona kuwa mim na ha pamoja ni 45. Nun na ba ni 52. Nafasi moja haizidi 59, kwa hiyo herufi mbili zilitosha kwa kila nafasi.

Kwa nini sitini na si kumi? Sababu ni kwamba sitini inakubali kugawanywa. Kumi inagawanyika kamili kwa 2 na kwa 5 basi. Sitini inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Chukueni thuluthi. Kwa makumi, thuluthi ya moja ni 0.333 na tatu hizo haziishi hadi Kiyama. Kwa masitini, thuluthi ni dakika 20, hesabu imekwisha.

Na tazameni mafungu sita ya mirathi yaliyotajwa katika Suratun Nisaa. Nusu ni dakika 30. Robo ni 15. Thumuni ni dakika 7 na thania 30. Thuluthi mbili ni 40, thuluthi ni 20, sudusi ni 10. Yote sita yanaisha, hakuna hata moja lenye mkia. Sisemi kwamba mafungu yaliwekwa kwa ajili ya sitini wala sitini kwa ajili ya mafungu. Nasema tu kwamba mtu wa mirathi aliyekuwa pia mtu wa falak, hesabu zake mbili zilipatana vizuri.

Zilipatana mpaka pale alipokutana na namba tasa kubwa. Namba tasa, kama mlivyosoma skuli, ni ile isiyogawanyika kamili isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na kuendelea. Sitini imejengwa kwa tatu tu kati ya hizo, yaani 2, 3 na 5. Ukigawanya kwa namba iliyojengwa kwa hizo tatu, hesabu itaisha mahali fulani. Ukigawanya kwa 7, au 13, au 17, na kile unachokigawa hakina namba hiyo ndani yake, haitaisha kamwe.

Katika Raqaaiq, Sheikh anatoa mfano wa kugawanya daraja 47 na dakika 50 kwa daraja 1 na dakika 25. Ukiutazama haraka huioni namba tasa yoyote ya kukusumbua. Lakini badilisheni yote yawe dakika: 47 mara 60 ongeza 50 ni 2,870, na 60 ongeza 25 ni 85. Sasa 85 ni 5 mara 17. Tano inaondoka, kwani 2,870 nayo ina tano ndani yake, na zinabaki 574 kugawanywa kwa 17. Kumi na saba ilikuwa imejificha ndani ya daraja moja na dakika ishirini na tano.

Jibu ni 33 zima na baki 13. Lile baki 13 unalizidisha kwa 60 ili lishuke nafasi ya chini, linakuwa 780; gawanya kwa 17, unapata 45 na baki 15. Lizidishe tena, 900, unapata 52 na baki 16. Tena, 56 na baki 8. Tena, 28 na baki 4. Tena, 14 na baki 2. Tena, 7 na baki 1. Tena, 3 na baki 9. Tena, 31, na baki ni 13.

Kumi na tatu! Ndilo lile baki tuliloanza nalo. Kwa hiyo nafasi inayofuata lazima iwe 45, kisha 52, kisha 56, na gurudumu linazunguka upya:

33, kisha 45, 52, 56, 28, 14, 7, 3, 31, halafu 45, 52, 56, 28, 14, 7, 3, 31, bila mwisho.

Mpima nyakati hakuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Kwa adhana, thania zinatosha na kuzidi. Angeweza kusimama nafasi ya pili au ya tatu, kama walivyosimama wengi kabla yake, akasema jibu ni hilo kwa kukadiria. Yeye aliendelea na mkono wake mpaka nafasi ya tisa, na hapo akaona kwamba zile nane zinarudi kwa mpangilio wao. Akaeleza kwamba baada ya hapo mwenye kuhesabu hana tena haja ya kuhesabu. Nafasi zote zilizobaki, hata ziwe ngapi, anazijua tayari. Kitu kisicho na mwisho kikawa kimeshikwa kwa namba nane.

Kwa nini lazima irudi? Ukigawanya kwa 17 baki haliwezi kuwa 17 wala zaidi, na kwa kuwa hesabu haiishi baki haliwi sifuri. Basi yako mabaki 16 tu, kuanzia 1 hadi 16. Mtu anayetembea katika nyumba yenye vyumba kumi na sita, na kila chumba kina mlango mmoja tu wa kutokea, atarudi alikokwisha kupita apende asipende. Kwa makumi, 17 inavipita vyumba vyote kumi na sita: 574 kwa 17 ni 33.7647058823529411, tarakimu kumi na sita, ndipo 7 ya mwanzo inarudi. Kwa masitini inapita vyumba nane tu, 13, 15, 16, 8, 4, 2, 1 na 9, na vile nane vingine vina gurudumu lao peke yao. Namba ni ileile, sura inabadilika kwa kubadilika msingi wa hesabu. Kwa masitini 7 inarudi baada ya nafasi tatu (8, 34, 17), na 13 inarudi baada ya nne (4, 36, 55, 23). Ama 59, ambayo ni namba tasa pia, haina hata safari: moja kugawanywa kwa 59 ni 1, 1, 1, 1 mpaka mwisho wa karatasi yako.

Liko na jambo la kufurahisha macho. Zipangeni zile nane safu mbili za nne nne: 45, 52, 56, 28, na chini yake 14, 7, 3, 31. Jumlisheni kila ya juu na ya chini yake. 45 na 14 ni 59. 52 na 7 ni 59. 56 na 3 ni 59. 28 na 31 ni 59. Kanuni ya jumla ya jambo hili iliandikwa na Mfaransa Midy mwaka 1836, na habari za urefu wa mizunguko katika desimali zilikuwa zimefafanuliwa na Gauss wa Ujerumani mwaka 1801. Muwaqqit wa Azhar alikuwa amekwisha kufa karne tatu kabla yao. Hakuandika kanuni zao, na tusimpe asichokifanya. Tabia hii mbaya ya kudai kwamba Waislamu wa zamani waligundua kila kitu inatuvunjia heshima. Alichokifanya ni kuliona gurudumu na kulitaja waziwazi, na hilo linatosha.

Sasa turudi darasani kwetu. Kumi na saba iko pia katika Rahabiyya, na sijaona mwanafunzi akiiunganisha na habari hii. Mnajua kwamba mafungu yakizidi mali tunafanya auli, yaani tunaongeza idadi ya sehemu ili kila mmoja apungukiwe kwa uwiano wake. Jambo hilo liliamuliwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Asili ya sita huongezeka hadi 7, 8, 9 au 10. Asili ya ishirini na nne huongezeka hadi 27. Na asili ya kumi na mbili huongezeka hadi 13, 15 au 17. Mfano mashuhuri wa 17 katika vitabu vya faraidh unaitwa Mama wa Wajane. Mwanamume amefariki akaacha wake watatu, bibi wawili, dada wanne wa kwa mama, na dada wanane wa baba na mama. Wake wana robo, ambayo ni 3. Mabibi wana sudusi, 2. Dada wa kwa mama wana thuluthi, 4. Dada shakiki wana thuluthi mbili, 8. Jumla ni 17, na warithi wote ni wanawake kumi na saba, kila mmoja sehemu moja sawa na mwenziwe.

Chukueni namba zote hizo za auli mzipime kwa sitini: 8, 9, 10, 15 na 27 zinaisha zote. Zisizoisha ni tatu, 7, 13 na 17, na zote tatu ni namba tasa. Mimi ndiye ninayeyaweka mambo haya mawili pamoja. Sheikh ameyaandika kila moja katika kitabu chake. Lakini mkono uliosherehesha mlango wa auli ni mkono uleule uliofuata baki la 17 hadi nafasi ya tisa.

Na angalieni hili. Marehemu akiacha dinari 17, kila mwanamke atachukua dinari yake na kuondoka. Akiacha dinari 100? Kila mmoja ana 5 na baki ni 15, na kumi na tano ni kimoja cha vyumba vya gurudumu letu. Kwa masitini jibu ni 5, kisha 52, 56, 28, 14, 7, 3, 31, 45. Ni nane zilezile za Raqaaiq, zimeanzia nafasi ya pili tu.

Nasema haya kwa sababu siku hizi mwanafunzi akipewa masala ya mirathi huchukua kikokotoo chake, hugawanya moja kwa kumi na saba, huandika 0.0588 na kuona amemaliza. Sasa nyumba ya marehemu imeuzwa shilingi milioni mia moja. Kwa 0.0588 kila mmoja atapata 5,880,000. Zidisheni mara 17: ni 99,960,000. Shilingi elfu arobaini zimepotea mezani, na hakuna aliyeiba. Ni za nani? Ni za wale wanawake kumi na saba, kila mmoja ana haki yake ndani yake, na aliyegawa ndiye atakayeulizwa. Ndiyo maana watu wa faraidh hawagawanyi kwa desimali. Wanashika sehemu kamili, moja katika kumi na saba, mbili katika kumi na saba, hadi hatua ya mwisho kabisa, ndipo wanazifikia fedha. Na kikibaki kitu kisichogawanyika wanakitaja mbele ya warithi, kigawanywe kwa ridhaa yao. Asili, auli, tas-hihi, zote zimewekwa ili pasiwe na mkia unaokatwa kimyakimya.

Sheikh Badruddin aliishi umri mrefu. Alishuhudia utawala wa Sultan Qaytbay (1468 hadi 1496), ambaye alijenga mmoja wa minara ya Azhar inayoonekana hadi leo, na katika miaka ya mwisho ya sultani huyo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Alifariki Kairo mwanzoni mwa karne ya kumi Hijria, miaka michache kabla ya Waturuki wa Kiosmani kuiteka Misri mwaka 1517. Allah amrehemu.

Vitabu vyake havikuwa na bahati sawa. Sharhi ya Rahabiyya ilipata hashia ya Sheikh Baqari, ikapigwa chapa mara nyingi, ikasambaa popote wanapofuata madhehebu ya Shafii, na mwambao wetu ukiwemo. Raqaaiq ilibaki miswada. Wachache waliifungua, mpaka mwaka 1899 mtafiti wa Kifaransa, Carra de Vaux, alipoandika makala juu ya ule mfano wa kugawanya, na wanahistoria wa hesabu wakaanza kumtaja muwaqqit wa Azhar. Hivyo walioko Ulaya walimjua kwa gurudumu la namba nane bila kujua mirathi yake, na sisi tumemjua kwa mirathi bila kujua gurudumu lake.

Kwa wanafunzi wa darasa la faraidh nawaachia kazi moja, na kikokotoo hakiruhusiwi. Lile gurudumu la pili, la vyumba nane vilivyobaki, sikuliandika hapa makusudi. Wagawieni warithi wale kumi na saba dinari 20 kwa hesabu ya masitini. Mtapata 1 na baki 3, kisha nafasi ya kwanza itakuwa 10, inayofuata 35. Endeleeni mpaka 10 irudi, kisha jumlisheni ya kwanza na ya tano, ya pili na ya sita, ya tatu na ya saba, ya nne na ya nane. Andikeni kwa herufi za abjadi mniletee darasani kabla ya likizo ya Ramadhani.